Kipimo cha Meru Hakifai Mombasa: Namna ya Kuweka Kasi na Volteji ya Prosesa kwa Usalama



Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru. Karo twachanga sisi jamaa, lakini kodi ya chumba na chakula huvitafuta mwenyewe kwa kuhariri video za harusi. Kompyuta yake ni ya mezani, ameiunga kipande kwa kipande kila alipopata senti. Shaabani moja, harusi zikikimbizana kabla ya Ramadhani, alikuja Mombasa na mashine yake imefungwa ndani ya boksi la televisheni, akapata kazi ya harusi tatu ndani ya wiki mbili.

Siku ya tatu akanijia barazani uso umemshuka. "Mjomba, mashine yaganda. Nikianza kutoa video, dakika kumi tu yazima, yawaka tena yenyewe." Meru mashine hiyo hiyo ilifanya kazi usiku kucha bila kukohoa. Tulidhani ni umeme, tukabadilisha soketi. Tukadhani ni virusi. Ilipoganda mara ya sita, faili la nikahi ya watu likaharibika, halifunguki tena. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta ili arekodi harusi ya pili. Babu yake bibi harusi ndiye aliyeozesha siku ile, na nikahi haisomwi mara mbili ili sisi tupige picha.

Tulikwenda kuomba radhi, na pesa tukarudisha. Lakini nilitaka kujua kilichotokea. Jibu nililipata wiki chache baadaye nikimsindikiza kijana kurudi chuoni, tulipopumzika mjini Embu kwa fundi mmoja ninayemjua tangu siku za diploma. Alifungua mashine, akatazama mipangilio, akacheka kidogo. "Hii mashine haina shida, mzee. Shida ni hesabu ya Meru, nyinyi mkaipeleka Mombasa."

Makala haya ni ya hesabu hiyo. Vijana wetu wengi siku hizi wanaongeza kasi ya prosesa kwa kuiga namba walizopewa na rafiki. Namba ikitoka mahali pa baridi ikaletwa kwenye joto letu, haibaki namba ile ile.

Kasi ni nini, volteji ni nini

Prosesa ndiyo bongo la kompyuta, nayo hufanya kazi kwa mapigo kama ya moyo. Mapigo hayo huhesabiwa kwa megahezi, yaani milioni kwa sekunde, au gigahezi, yaani bilioni kwa sekunde. Madabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, hutoa pigo la msingi ambalo kwa mashine nyingi za leo ni megahezi 100. Prosesa huzidisha pigo hilo kwa namba yake iitwayo kizidishi. Kizidishi cha 37 hutoa megahezi 3,700, ndiyo gigahezi 3.7.

Volteji ni msukumo wa umeme, mfano wa msukumo wa maji kwenye bomba. Msukumo ukiwa mdogo kuliko kasi inavyodai, prosesa hukosea hesabu na mashine huganda. Ukiwa mkubwa mno, joto hupanda na uhai wa prosesa hupungua.

Tazama safari ya umeme wenyewe. Mto Tana una mabwawa matano ya kuzalisha umeme kwenye mipaka ya Embu na majirani zake: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kiambere mwaka 1988. Kutoka Kiambere kuna laini ya volti 220,000 inayokuja mpaka Rabai, mlangoni mwa Mombasa. Umeme huo hushushwa hatua kwa hatua hadi volti 240 za nyumbani. Pawasaplai ya kompyuta huzifanya volti 12. Kisha saketi ndogo zilizoizunguka prosesa kwenye madabodi, mafundi huziita VRM, huzishusha tena hadi kama volti 1.2. Kwenye laini ya Rabai volti moja haina maana yoyote. Kwenye prosesa, sehemu ya kumi ya volti ni jambo kubwa.

Hesabu inayowaponza wengi

Joto la prosesa, kwa makadirio, hufuata kasi mara volteji, kisha mara volteji tena. Ukiongeza kasi peke yake kwa asilimia 10, joto hupanda kama asilimia 10. Ukiongeza volteji kwa asilimia 10, joto hupanda kwa asilimia 21, maana volteji huhesabiwa mara mbili.

Chukua mashine ya mpwa wangu. Prosesa yake ni AMD Ryzen 5 2600, iliyotoka mwaka 2018. Kiwanda kiliiwekea kasi ya msingi ya gigahezi 3.4 na upeo wa 3.9, na kiwango cha joto cha wati 65. Kijana alikuwa ameifunga kwenye gigahezi 4.0 kwa volti 1.40. Fundi wa Embu alilinganisha na gigahezi 3.7 kwa volti 1.20, akatuonyesha kwenye kikokotoo cha simu: kasi imezidi kwa asilimia 8, joto limezidi kwa asilimia 47.

Asilimia 8 ya kasi maana yake ni kwamba video ya kusubiri dakika 43 inatoka kwa dakika 40. Kwa dakika tatu hizo ndiyo tuliipoteza nikahi ya watu.

Kwa nini Meru ilivumilia

Feni na kipoozaji cha prosesa havitengenezi baridi. Kazi yao ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulitupa kwenye hewa ya chumba. Kwa hivyo prosesa daima huwa na joto la chumba, ukijumlisha joto lake yenyewe. Chumba kikipanda nyuzi 10, nayo hupanda karibu nyuzi 10 hizo hizo.

Meru mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu kama mita 1,350, zote zikiwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Usiku wa Nchiru, chumba cha mpwa wangu kilikuwa na nyuzi joto 19. Mashine ikifanya kazi nzito ilisoma nyuzi 78, yaani ilijiongezea nyuzi 59 juu ya hewa ya chumba. Alipoileta kwetu wakati wa kaskazi, chumba kilikuwa na nyuzi 33 mchana. Jumlisha 59, upate 92. Upeo uliowekwa na kiwanda kwa prosesa hiyo ni nyuzi 95.

Msomaji makini atauliza: je, hewa ya milimani si nyepesi? Kweli. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 14, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni ile ile ikija pwani hufanya kazi bora kidogo. Lakini faida hiyo ni ndogo mbele ya tofauti ya nyuzi 14 za chumba, na huliwa upesi na vumbi, chumvi ya hewa ya bahari, na tabia yetu ya kusukuma kompyuta ndani ya kabati.

Kuna jambo la pili. Prosesa ikiwa ya moto, umeme mwingi zaidi huvuja ndani yake bila kufanya kazi, na uvujaji huo huongeza joto jingine. Tena prosesa moto huhitaji nafasi zaidi ya volteji ili isikosee. Volti iliyotosha kwa nyuzi 78 inaweza kupungua kwa nyuzi 92. Ndiyo maana mashine ya mpwa wangu iliganda kabla hata haijafika 95, na hesabu zilizokosewa ziliandikwa kwenye diski kama zilivyo.

Zamani ilikuwa jampa

Wazee wenzangu mtakumbuka mashine za Pentium zilizojaa kwenye saiba zetu za mwanzo. Wakati huo hukuwa na menyu. Kasi na volteji zilipangwa kwa jampa, vile vijipande vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, unavivisha kwenye pini za madabodi. Jampa za kundi moja zilichagua pigo la msingi, kwa mfano megahezi 66, na za kundi jingine kizidishi: 66 mara 2.5 ni 166, mara 3.5 ni 233.

Hatari ilikuwa kwenye jampa za volteji. Pentium za kawaida zilitumia kama volti 3.3. Pentium MMX zilizofuata zilitaka volti 2.8 kwenye kiini, na AMD K6-2 ya mwaka 1998 ilitaka 2.2. Prosesa hizo ziliingia kwenye soketi zilizofanana. Fundi aliyebadilisha prosesa akasahau jampa aliichoma kipande kipya mchana kweupe. Baadaye prosesa zilianza kujieleza zenyewe: zina pini zinazoiambia madabodi "nipe volti kadhaa", na madabodi ikatii.

Mwaka huo huo wa 1998 ndipo tamaa iliposhika moto. Prosesa ya bei nafuu ya Intel, Celeron 300A, ilipandishwa na watu wengi kutoka megahezi 300 hadi 450 kwa kubadili pigo la msingi kutoka 66 hadi 100 tu. Iligeuka mashine ya tajiri kwa bei ya maskini. Tangu hapo kila kijana anatafuta Celeron yake. Lakini prosesa za leo zinatoka kiwandani zikiwa tayari zimesukumwa karibu na mwisho wa uwezo wao. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, na bei yake hulipwa kwa joto.

Kwanza, je mashine yako inakubali?

Kompyuta nyingi tunazonunua Kenya ni zilizokwisha tumika ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zenye Core i5. Hizo zimefungwa: kizidishi hakipandi, wala menyu ya volteji haipo. Usidanganywe na mtu anayekuahidi kuifungulia kasi. Kwa upande wa Intel, prosesa zinazoruhusu ni hasa zile zenye herufi K mwishoni, na madabodi yenye chipu za daraja la Z. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani zinaruhusu, lakini madabodi ya A320 hairuhusu, na ya B450 inaruhusu.

Kama mashine yako ni laptopu, achana na habari ya kupandisha. Nafasi ya kupoa ni finyu na hakuna pa kuongeza.

Kisha kagua yafuatayo kabla ya kugusa chochote:

Pawasaplai. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikija imewekwa 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, italipuka papo hapo. Hakikisha ni 230.

Madabodi. Tazama kapasita, yale mapipa madogo yaliyosimama karibu na prosesa. Yakiwa yamevimba kichwa au yanatoa majimaji, usiongeze hata pigo moja. Madabodi ya bei rahisi ambayo VRM zake hazina hata kipande cha chuma cha kupoozea pia si ya kusukuma.

Kipoozaji. Toa vumbi. Kama mashine ina miaka kadhaa, futa grisi ya joto iliyokauka, upake mpya kiasi cha punje ya pojo. Kipoozaji kidogo kinachokuja na prosesa ya wati 65 kiliundwa kwa wati 65, si 100.

Umeme. Mashine iliyosukumwa hukosa subira na umeme unaoyumba. UPS nzuri ni sharti, si pambo.

Hatua za kupanga

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usiruke.

1. Weka nakala ya kazi zako zote kwenye diski nyingine, uichomoe. Sisi tulianza bila hatua hii.

2. Pima kwanza bila kubadilisha kitu. Andika joto la chumba, joto la prosesa ikiwa imetulia, na joto lake baada ya nusu saa ya kazi nzito. Programu kama HWiNFO huonyesha joto, kasi na volteji. Kwa kazi nzito tumia Cinebench, OCCT au Prime95. Pima saa nane mchana, si alfajiri.

3. Ingia kwenye baiosi, yaani menyu ya madabodi, kwa kubonyeza Delete au F2 wakati mashine inawaka. Piga picha za kila ukurasa kwa simu yako. Picha hizo ndizo njia ya kurudi nyumbani.

4. Usiguse pigo la msingi la megahezi 100. Kwenye mashine nyingi, sehemu nyingine za madabodi huburutwa nalo, na data ya diski inaweza kuharibika. Badilisha kizidishi tu, ambacho baiosi nyingi huandika "CPU Ratio".

5. Panda hatua moja: megahezi 100 au chini ya hapo. Volteji iache pale pale ilipo. Hifadhi, washa, jaribu kwa dakika 15, andika joto. Ikisalimika, panda tena hatua moja.

6. Ikiganda au ikizima, hapo ndipo mwisho wa volteji uliyonayo. Una njia mbili: kushuka hatua moja na kutosheka, au kuongeza volteji kwa kiasi kidogo sana, kati ya 0.0125 na 0.025. Kamwe usiongeze 0.1 kwa mara moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichokuponza.

7. Jiwekee mipaka kabla hujaanza, na ukiifikia usimame. Mpaka wa joto: nyuzi 80 hadi 85 kwenye kazi nzito, saa ya joto kali kabisa, katika mji utakaoitumia. Mpaka wa volteji: kwa Ryzen za kizazi cha mpwa wangu, wazoefu wengi hawapendi kupita 1.35 ya kudumu. Kila kizazi kina mpaka wake, basi usichukue namba ya prosesa nyingine.

8. Ukishapata upeo, rudi nyuma hatua moja, megahezi 100. Hiyo ni akiba ya siku ya joto na ya vumbi.

9. Jaribu kwa saa kadhaa mfululizo. Kama uligusa kasi ya kumbukumbu, yaani RAM, ipime kwa MemTest86 peke yake usiku mzima. Usichanganye kazi ya RAM na kazi ya prosesa siku moja.

Maneno mawili yatakayokusumbua kwenye baiosi. La kwanza ni aina ya volteji. Ukiiweka ya kudumu, prosesa hupewa volti hizo hata ikiwa imelala. Ukitumia ile ya nyongeza, "Offset", hupanda na kushuka kulingana na kazi, nayo ni salama zaidi kwa matumizi ya kila siku. La pili ni "Load-Line Calibration". Prosesa ikipewa kazi ghafla, volteji hushuka kidogo kwa asili yake, na mpangilio huu huzuia mshuko huo. Ukiuweka wa juu kabisa, volteji huweza kuruka zaidi ya uliyoiandika pale kazi inapokatika. Uache wa kati au uache madabodi ichague.

Usishtuke pia ukiona Ryzen isiyoguswa inasoma volti 1.45 kwa nukta chache. Ikiwa na kazi nyepesi kwenye kiini kimoja, hujipandisha yenyewe kisha hushuka. Kosa ni kuichukua namba hiyo ya nukta chache na kuifanya ya kudumu kwa viini vyote.

Hata wenye viwanda wameteleza

Usidhani kwamba mpangilio wa "Auto" hauna hatari. Mwaka 2023, baadhi ya prosesa za AMD za familia ya Ryzen 7000X3D ziliungua pamoja na soketi zake. Madabodi, zilipowashiwa kasi ya juu ya RAM, zilikuwa zikiongeza volteji ya sehemu iitwayo SoC kupita kiasi. AMD ikaamua isizidi volti 1.3, na watengenezaji wa madabodi wakatoa baiosi mpya.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel. Prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuganda kwa watu ambao hawakugusa chochote. Intel ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volteji kubwa kuliko inavyofaa. Agosti 2024 ikatoa marekebisho yanayozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini prosesa iliyokwisha umia haiponi kwa marekebisho.

Funzo ni mawili. Weka baiosi mpya ya madabodi yako, huku mashine ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo madabodi inaweza kufa. Na volteji huua polepole. Mashine inayowaka leo haijathibitisha kwamba iko salama. Jua pia kwamba ukiipandisha prosesa mwenyewe ikaungua, dhamana ya Intel au AMD kwa kawaida haikufidii.

Pwani, afadhali kushuka

Sasa niseme ninaloliamini. Kwa sisi wa Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale, mpangilio wenye faida mara nyingi ni kushusha volteji huku kasi ikibaki ile ile ya kiwanda. Kiwanda huweka volteji ya kutosha hata kwa prosesa iliyo dhaifu kuliko zote katika kundi lake. Yako huenda ina nguvu zaidi ya hiyo, kwa hivyo inapewa msukumo isiouhitaji.

Njia ni ile ile kinyume chake. Kwenye "Offset" chagua alama ya kutoa, uanze na 0.025. Jaribu. Kisha 0.05. Jaribu. Wengi hufika kati ya 0.05 na 0.1 kabla mashine haijagoma. Ikigoma, rudi hatua moja, upime tena kwa saa kadhaa. Kushusha volteji hakuichomi prosesa, ila kukizidi mashine huganda kama ilivyoganda ya mpwa wangu, basi nakala za kazi bado ni lazima.

Wenye mashine zilizofungwa na laptopu nao hawakusahaulika. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, kuna kiwango cha juu cha prosesa. Kiteremshe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi prosesa haitajipandisha tena kupita kasi yake ya msingi, na joto litashuka sana. Utapoteza kasi kiasi, lakini feni itanyamaza.

Ikikataa kuwaka

Ukikosea kiasi cha skrini kubaki nyeusi, usihangaike. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Kisha toa ile betri bapa ya volti 3 iliyo kwenye madabodi, CR2032, subiri dakika kadhaa, uirudishe. Au tumia pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS kama kitabu cha madabodi kinavyoelekeza. Mipangilio yote itarudi ya kiwandani. Mashine ikiwaka, ingia kwenye baiosi, chagua "Load Optimized Defaults", uanze upya kwa utulivu.

Ya mpwa wangu

Fundi wa Embu hakuuza kipande chochote siku ile. Alisafisha feni, akapaka grisi, akaishusha prosesa hadi gigahezi 3.7 kwa volti 1.20, akaipima mbele yetu mpaka chai ikaisha. Joto lililokuwa likijiongeza kwa nyuzi 59 likawa karibu nyuzi 40. "Sasa hii itakaa Meru na itakaa Mombasa," alisema. Kijana aliponiletea mashine likizo iliyofuata, chumba kikiwa na nyuzi 32, ilisoma nyuzi 73 na haikuzima.

Ameandika joto la chumba na la prosesa kwenye karatasi, ameibandika ubavuni mwa mashine. Na kadi ya kamera sasa haifutwi mpaka mwenye harusi apokee video yake mkononi. Kazi ya watu ni amana, na amana haiwekwi rehani kwa ajili ya dakika tatu.

Wabillahi tawfiq.